Mpishi, Mpima Korosho na Katibu Ara

Kabla hujaandika jina la mtu kwenye fomu, mwite mwenye jina aje alisome. Akishalisoma, mwulize, "Ndivyo?" Akijibu ndivyo, andika hivyo hivyo, hata kama una shahada na roho inakuuma. Vijana wangu, hilo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyojifunza katika ukatibu wa timu ya mpira, na ningeweza kuishia hapa mkaenda kufanya shughuli zenu. Lakini mliniomba kurasa, na mimi sijawahi kuombwa kurasa nikatoa aya moja.

Mlikuja kwangu Kibaha na madaftari yenu, mnasomea uongozi wa michezo, mkaniamkia vizuri na kuniita mzee mstaafu. Nina miaka hamsini na minne. Hilo neno "mstaafu" nililichagua mwenyewe. Sele Kinyozi wa Kisarawe, ambaye mtamjua hapa chini, anatumia neno jingine kueleza namna nilivyoondoka Kanga FC, fupi zaidi na lenye herufi chache.

Kanga FC ni timu ya Kisarawe, lakini mechi za nyumbani inachezea Kibaha. Wakaguzi wa ligi walikuja kuutazama uwanja wetu wa Kisarawe wakasema una mteremko. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwinshehe, mwenye duka la mabati, akawaambia mteremko ule ndio mbinu yetu ya kipindi cha pili. Hawakucheka. Tukaazima uwanja Kibaha, na tangu siku hiyo timu ikawa na mashabiki wa aina mbili: wa Kisarawe wenye timu, na wa Kibaha wenye uwanja. Kila upande unaamini mkosi unatoka upande wa pili.

Na mkosi ulikuwepo. Msimu ninaousimulia tulimaliza mzunguko wa kwanza tukiwa mkiani. Tukifungwa bila kupata bao, wapinzani walikuwa wakiimba, "Kanga katagaaa!" Sifuri ni yai, mnaelewa. Kufika katikati ya msimu tulikuwa na trei nzima.

Hapo ndipo Mzee Mwinshehe alipofanya jambo lililowagawa watu kuliko mteremko. Aliwaondoa watu wote wa ofisini waliojiita watu wa mpira, akaajiri watatu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga danadana hadharani. Meneja wa timu akawa Bi Tatu Kondo wa Kibuta, mpishi wa shughuli, yaani yule mama anayeitwa kwenye harusi, matanga na maulidi kusimamia masufuria ya watu mia nne. Msaka vipaji akawa Mzee Mrisho wa Kurui, aliyestaafu kazi ya kupima ubora wa korosho kwenye chama cha msingi cha wakulima. Katibu nikawa mimi, mhariri wa vitabu vya shule.

Mimi niliajiriwa kwa barua ya malalamiko. Nilikuwa nimeona tangazo la Kanga ukutani Maili Moja lenye makosa kumi na moja ya tahajia, nikaiandikia klabu barua ya kurasa mbili, yenye vipengele. Mzee Mwinshehe akanipigia simu. "Umehesabu makosa yote hayo?" Nikasema ndiyo. "Na umesimama juani kuyahesabu?" Nikasema ndiyo. "Basi wewe una nafasi ya kufanya kazi. Njoo Kisarawe."

Kijiwe cha Sele Kinyozi kilikuwa mkabala na ofisi yetu, na ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la mabati, kwa hiyo kila lililosemwa kijiweni tulilisikia. Sele ndiye mwenyekiti wa tawi la mashabiki la Kisarawe. Ana sauti ya adhana na mkono mwepesi, na mteja aliyekaa kwenye kiti chake na wembe shingoni hana uhuru wa maoni.

"Jamani, nisaidieni," alikuwa akisema. "Timu inashuka daraja. Ofisini tuna nani? Mpishi! Mpima korosho! Na yule mwingine wa koma na nukta! Sasa tunakwenda kucheza ligi au tunakwenda kufungua mgahawa wenye gazeti?"

"Mwenyekiti ana maana yake," mmoja akajaribu.

"Maana ipi? Wewe geuza shingo."

Kibaha nako hawakulala. Wao hoja yao ilikuwa tofauti: hawakuwa na tatizo na mpishi, ila kwa nini mpishi atoke Kibuta, kwani Kibaha hakuna wapishi?

Sasa niwaambie kuhusu hao wenzangu wawili, maana ninyi darasani mtafundishwa chati za madaraka na hamtafundishwa kijiko.

Bi Tatu siku yake ya kwanza hakuuliza chochote kuhusu mpira. Aliuliza wachezaji wanakula saa ngapi, wanakula wapi, na nani anapakua. Kocha akamwambia kila mmoja anapakuliwa sahani yake. Bi Tatu akasema hapana, kuanzia leo ni sinia, watu watano watano, na yeye ataketi pale mlangoni. Kocha, kijana wa vyeti, alinitazama kama mtu anayeomba tafsiri.

Wiki ya pili, wakati wa chakula cha mchana, golikipa wetu akaomba kijiko. Bi Tatu akampa. Alipomaliza kula, mama akaja ofisini akaketi, akafungua kanga yake kichwani na kuifunga upya, kitu anachofanya akitaka kusikilizwa.

"Katibu, mwite kocha. Golikipa ameumia."

"Ameumia wapi, Bi Tatu? Asubuhi amefanya mazoezi."

"Mtoto wa Kibuta yule. Mama yake namjua. Amekula sinia moja na kaka zake sita tangu ameota meno, akichelewa kunyoosha mkono analala na njaa. Leo anaomba kijiko cha kulia wali? Mtazame kidole cha mkono wa kulia."

Tukamtazama. Kidole kilikuwa kimevimba kama muhogo. Alikuwa ameficha siku nne, akiogopa kupoteza namba. Kocha wa vyeti hakuwa ameona, mimi sikuwa nimeona, na Jumamosi ile tungemweka golini. Tukaweka mwingine, tukatoka suluhu, na kwa Kanga ya wakati ule suluhu ilikuwa sikukuu.

Bi Tatu alijua pia mambo ya safari. Barabara ya kutoka Kisarawe kuja Kibaha kupitia Kiluvya ina tabia zake, na zamani timu ilikuwa ikifika uwanjani watu wamekunjamana, dakika ishirini kabla ya filimbi. Yeye alihesabu kinyume, kama anavyohesabu pilau: watu wanakula saa saba, kwa hiyo mchele uingie saa ngapi, kwa hiyo maji yachemke saa ngapi, kwa hiyo kuni ziwashwe saa ngapi. Filimbi saa kumi. Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka saa ya kuamka. Hatukuchelewa tena hata mara moja. Ukitaka kazi ya umeneja wa timu, kwanza kapikie matanga.

Mzee Mrisho alikuja na bambo lake. Bambo ni kile chuma chembamba chenye ncha, kina mfereji, unakidunga ubavuni mwa gunia na kinatoka na korosho chache za katikati. Alilining'iniza kwenye msumari ofisini na halikuwa na kazi yoyote pale, ila akizungumza alikuwa akilitazama. "Mkulima akijua unakuja," aliniambia, "juu ya gunia anapanga nzuri tupu. Mimi sifungui gunia. Nachoma katikati." Ndiyo maana hakwenda kwenye fainali za mashindano ya vijiji, ambako wasaka vipaji wenzake walijazana. Fainali, alisema, ni juu ya gunia. Yeye alikwenda kwenye mechi za Jumatano, uwanja una matope, timu moja imeshakata tamaa.

Huko Msimbu alimkuta mshambuliaji mmoja ambaye timu yake ilikuwa imefungwa matano. Mpira ukatoka nje ukaingia shamba la mihogo. Wenzake wakakaa chini kupumzika. Yeye akakimbia shambani, akauleta, akauweka chini, akawaambia wenzake wainuke. Mzee Mrisho hakusubiri filimbi ya mwisho. Alikwenda kumtafuta baba yake.

Ripoti aliyoniandikia ninayo hadi leo. "Punje nzima. Daraja la kwanza. Unyevu upo kidogo, akikosea hulia. Akianikwa atakauka."

Nami, mhariri, nikaisafisha kabla haijamfikia kocha. Niliandika kwamba mchezaji "ana uwezo wa hali ya juu ingawa anakabiliwa na changamoto za kihisia zinazohitaji mkakati wa muda mrefu." Kocha akaisoma, akaja kwangu na uso wa wasiwasi. "Katibu, huyu kijana ni mgonjwa?" Ikabidi Mzee Mrisho aitwe, akaeleza kwa maneno yake, na kocha akaelewa mara moja. "Kumbe analia tu! Mwanike basi!" Hilo lilikuwa onyo la kwanza kwangu. Nililicheka na kulisahau.

Kijana huyo alikuwa anaitwa Shomali.

Mnaona hiyo L? Mimi niliiona pia. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na L, kitambulisho cha taifa kina L, na mimi nilikuwa na fomu ya leseni ya mchezaji mbele yangu na kalamu nyekundu mfukoni. Nikajiambia: hawa ndugu zetu wa huku wanachanganya L na R, karani aliandika alivyosikia, kitambulisho kikanakili kosa la karani, na hakuna mtu tangu mtoto azaliwe aliyekuwa na elimu ya kulirekebisha. Kijana wa watu, nikasema, ngoja nimsaidie. Nikaandika Shomari. Niliona fahari kidogo, nakiri. Nilihisi kama nimemwogesha mtoto.

Kwenye mechi yake ya tatu Shomali akafunga mawili, tukaifunga timu iliyokuwa juu yetu kwenye msimamo. Kisarawe waliimba mpaka sauti zikakauka. Sele alimnyoa Mzee Mrisho bure na kumwita profesa. Siku nne baadaye wapinzani wakakata rufaa: mchezaji aliyecheza kwa jina la Shomari hayupo; kitambulisho alichotoa ni cha mtu mwingine anayeitwa Shomali. Kamati ikakaa. Ushindi tukanyang'anywa, pointi tatu zikaenda kwao, na kijana akasimamishwa mpaka leseni irekebishwe. Zilikuwa zimebaki mechi tatu.

Kesho yake nilipopita mbele ya kijiwe, Sele alizima mashine ya kunyolea ili asikike vizuri.

"Oya, Katibu Ara!"

Ara, kwa msiosoma alfabeti ya mtaani, ndiyo R. Watu waliangua kicheko, na Sele alipoiwasha tena akiwa bado anacheka, yule aliyekuwa kwenye kiti akakatwa sikio. Jina hilo lilifika Kibaha kabla yangu; nilipopita Maili Moja Jumamosi hata wauza karanga walinijua.

Bi Tatu hakunicheka. Aliniambia, "Mwanangu, vaa kofia, tunakwenda Msimbu." Nikamwuliza kufanya nini, kwani barua ya masahihisho nilikuwa nimeshaituma. "Barua umewapelekea watu wa ligi. Mwenye jina je?"

Baba yake Shomali tulimkuta anapalilia. Alituketisha, akaagiza maji, akatuacha tuseme. Nilieleza kwa kirefu. Nilieleza asili ya jina, matamshi, tofauti za kimaeneo. Nilipoanza kueleza ulimi unavyogusa ufizi, Bi Tatu alinikanyaga mguu. Mzee akanitazama kwa utulivu.

"Shomali ni baba yangu mimi," akasema. "Alipokuwa mbali tukimwita, tulisema Shomali, akaja. Alipokufa tulisema Shomali, tukamzika. Kwani wewe siku anapewa mtoto jina hili ulikuwepo?"

"Sikuwepo, mzee."

"Basi umelirekebisha kwa ruhusa ya nani?"

Nikaweka kando miaka mitatu ya shahada ya kwanza na miwili ya uzamili. Nikasema, "Nisamehe, mzee." Akasema amesamehe, lakini mwanawe amelia siku mbili, na kulia kwake si kwa kukosea, maana safari hii hakukosea yeye. Halafu akatupa mihogo ya kwenda nayo. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule, na ilikuwa mihogo sita tu.

Jumapili hiyo mashabiki wakaitisha mkutano kwenye darasa la shule ya msingi Kisarawe, baada ya alasiri. Watu walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, na bado walikuwa wakali. Sele alitaka watatu sote tuondoke siku hiyo hiyo. Mzee Mwinshehe alisimama akasema neno ambalo lilinitia nguvu, nami nawapa kama nilivyolipokea.

"Watu wa mpira nimewajaribu misimu mitano. Wote wanajua mpira. Hakuna ambaye angejua golikipa kaumia kidole. Hawa nimewaleta mimi. Tukibaki daraja, wanabaki. Tukishuka, mtaamua ninyi, na mkiwatoa wote, nami nafuata."

Sele akainuka. "Mwenyekiti, kwa heshima, shikamoo tena. Mpishi na mpira wapi na wapi?"

Bi Tatu akajibu bila kuinuka dawatini. "Sele, harusi yako alipika nani?"

"Wewe, mama."

"Wali uliungua?"

"Haukuungua."

"Walikuja watu wangapi zaidi ya uliowaalika?"

Sele akakuna shingo. "Wengi."

"Kuna aliyerudi na njaa?"

"Hakuna."

"Basi kaa chini, niache nizipike hizo mechi tatu."

Darasa likalipuka. Tukapewa mechi tatu. Ya kwanza tulifungwa bao moja na wapinzani wakaimba ule wimbo wa yai. Ya pili tulishinda, bao la kona, mfungaji akiwa mlinzi ambaye Mzee Mrisho alimtoa kwenye timu ya wachoma mkaa. Ikabaki moja, nyumbani Kibaha. Tukishinda, tunabaki. Tusiposhinda, tunashuka. Kila siku nilikuwa nikipiga simu kuulizia leseni ya Shomali, nikitaja jina herufi kwa herufi, na kila siku niliambiwa inashughulikiwa. Haikuja.

Kwa hiyo siku ya mechi Shomali alikaa jukwaani, kwa suruali ya jinzi, pembeni yangu. Ni yeye aliyekuja kukaa hapo; mimi nisingethubutu. Kisarawe walikuwa wamejaa upande mmoja, Kibaha upande wa pili, na kwa mara ya kwanza walikuwa wakiimba wimbo mmoja. Tulitangulia kufunga. Dakika kumi baada ya mapumziko wakarudisha. Moja moja. Tukashambulia, tukashambulia, golikipa wao akawa anajiangusha na kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Dakika za mwisho kabisa mpira ukapigwa juu, ukavuka uzio, ukaenda mbali kule kwenye majani. Wachezaji wetu walishika viuno, wamechoka. Nikasikia upepo pembeni yangu. Shomali alikuwa ameshashuka jukwaani, amepenya watu, ameruka mtaro na viatu vyake vya safari, anakimbia. Alirudi na mpira kifuani, akaurusha ndani kwa mikono miwili, akawapigia kelele wenzake wainuke.

Haikutosha. Filimbi ikalia, moja moja, na Kanga ikashuka daraja kwa pointi moja. Hakuna aliyehitaji karatasi kupiga hesabu. Zile tatu zangu zingetubakisha. Shomali alirudi kukaa pale pale, akafuta uso kwa mkono wa shati. Nikamwambia, "Hii ni yangu." Akasema, "Najua, Katibu." Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana liliuma.

Msidhani usiku ule nilijinyonga kwa mawazo. Nililala, nikaamka, nikanywa chai. Nikaandika barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Mistari miwili, na sikuihariri.

Mkutano wa pili ulikuwa darasa lile lile, madawati yale yale. Sele alikuja na hotuba ameikunja mfukoni. Nikaomba nianze mimi.

"Ndugu zangu," nikasema, "tumeshuka kwa pointi moja. Pointi tatu nilizitoa mimi, kwa mkono wangu, kwa herufi moja. Mpishi hakutoa hata moja. Mpima korosho hakutoa hata moja. Yeye alituletea mtu wa kufunga, mimi nikamfuta kwenye karatasi. Mkitutoa watatu pamoja mtakuwa mmefanya kosa nililofanya mimi, kurekebisha kisicho na kosa. Mimi naondoka leo. Naomba hawa wawili wabaki, na Mwenyekiti abaki nao."

Sele akasema, "Unajitoa mwenyewe? Sasa mimi hotuba yangu niipeleke wapi?"

"Isome tu," akasema Bi Tatu. "Tumekuja kukaa."

Akaifungua, akaitazama, akaikunja tena. Halafu akamgeukia Mzee Mrisho. "Mzee, huyu Katibu Ara ungempa daraja gani?"

Mzee Mrisho alinitazama kama vile bambo liko mkononi. "Punje nzima," akasema. "Ilizidishwa jua tu."

Walipiga kura kwa kusogea. Waliotaka wawili wabaki wakasimama upande wa ubao, waliotaka waondoke upande wa madirisha. Nilikaa katikati kwenye dawati langu, sikuwa na kura tena. Upande wa ubao ulijaa mpaka chaki zikaanguka. Sele alichelewa kuamua, akasimama mlangoni, kisha akasogea kwenye ubao akinung'unika kwamba ni kwa sababu ya ule wali.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, vijana wangu. Mnaposoma kwamba klabu fulani imeajiri mtu wa ajabu ofisini, msikimbilie kucheka wala kushangilia. Ulizeni anaona nini ambacho wengine hawaoni. Kisha ulizeni kitu kingine, ambacho mimi sikuulizwa: je, anajua mahali ambapo hajui? Mimi ningeshindwa hapo hapo mlangoni, na klabu ingekuwa daraja la juu hadi leo.

Kanga sasa inacheza daraja la chini na Bi Tatu amekataa kuliita la chini. Analiita mzunguko wa kwanza wa kupanda. Wachezaji wote wamebaki isipokuwa wawili. Katibu mpya ni binti anayeitwa Mariamu, aliyekuwa akiandikisha wagonjwa zahanati, na kijiweni wameshaanza: mtu wa zahanati na mpira wapi na wapi? Wiki iliyopita Mariamu aliandikisha kikosi kipya Kibaha. Bi Tatu aliniita nikaone. Wachezaji walipanga foleni, kila mmoja anaitwa mezani, anasoma jina lake kwa sauti, Mariamu anauliza, "Ndivyo?" Kuna kijana mmoja jina lake liliandikwa kwa namna ambayo vidole vyangu vilianza kutambaa vyenyewe kuelekea mfukoni. Akasema ndivyo. Mariamu akagonga muhuri.

Shomali alipofika mezani alisoma polepole, herufi kwa herufi, akanitazama alipofika kwenye L, akacheka. Leseni ilitoka siku tatu baadaye. Timu itapanda. Sisemi kwa kubashiri, nimeona wanavyokula.

Jumamosi nilikwenda kutazama mechi ya kwanza kama mtu yeyote, na getini nikamkuta Sele na meza yake ya tawi, anaandika kadi za uanachama za mashabiki. Akaniangalia, akachukua kadi mpya, akaandika kwa utulivu, akanigeuzia.

"Soma, mzee. Kwa sauti."

Nikasoma. "Tawi la Kisalawe. Mwanachama: Katibu Ara."

Kisalawe, kwa L. Alikuwa ameiandika makusudi, na alikuwa akinitazama mkono wangu wa kulia. Nyuma yangu foleni ya watu wa Kibaha na Kisarawe ilikuwa imenyoosha shingo kutazama.

"Ndivyo?" akauliza.

"Ndivyo," nikasema, nikachukua kadi yangu nikaingia uwanjani.